Matayo Hakuwa Amelewa

Ile Jumapili siisahau, mwanangu. Tulikuwa tumetoka ibadani, tumekula ugali wa uwele na mlenda kwa Upendo, binti wa dada yangu, pale Ipagala. Mumewe, Daudi, akasema, "Mjomba, leo usikimbilie kuondoka. Nakuwekea sinema moja ya zamani, ya watu wa angani."

Mimi sina televisheni. Niliishia darasa la nne, na mambo ya watu kuelea angani nilikuwa nayaona ya watoto. Lakini ilikuwa imetafsiriwa, kuna bwana anaongea Kiswahili juu ya sauti za wazungu, na anajua kuchekesha. Nikakaa.

Basi watu wako ndani ya chombo chao, mbali huko. Chini ya chombo kuna chumba kirefu kama kisima, hewa yake imeharibika. Mkubwa wao anajua, kipimo amekiona. Hasemi, maana anataka kazi iishe. Anamwambia kijana mmoja, shuka. Kijana anashuka ngazi, hatua ya nne au ya tano, anaanguka. Halii, hapigi kelele. Anaanguka kama gunia. Mwenzake anamwona, naye anaanza kushuka.

"Ndugu mtazamaji," anasema mtafsiri, "huyu naye anakwenda wapi?"

Nikajikuta nimesimama. Chai imemwagika kwenye zulia la watu. Napiga kelele, "Usishuke! Wewe, usishuke!"

Daudi alicheka mpaka akashika mbavu. "Mjomba, hakusikii huyo! Saa hizi mwenyewe ni babu!"

Upendo hakucheka. Alizima televisheni. "Mjomba, kuna nini?"

Nikawaambia, na wewe nakuambia.

Ujanani nilifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha mvinyo nje ya mji. Zabibu zikishachacha na mvinyo kutolewa, mtu huingia ndani ya tangi kwa ngazi kukomba makapi. Humo hubaki hewa nzito, huioni, nayo inaua. Wazee tuliowakuta walikuwa na utaratibu wao: unafunga koroboi kwa kamba, unaishusha ikiwa inawaka. Ikizimika, huingii, hata aje nani. Msimamizi wetu, Elia Chidumizi, namtaja wala sioni aibu, aliupiga marufuku. Alisema tunapoteza muda wa kazi na vikoroboi kama waganga.

Siku moja akamwamuru Matayo, rafiki yangu tuliyefanya naye kazi, aingie tangini. Matayo akashuka. Akaanguka vilevile, kimya. Mimi nikamfuata. Nilifika nusu ya ngazi, magoti yakaisha. Wenzangu wakanidaka ukosi wa shati wakanivuta. Matayo walimtoa amekwisha kufa.

Nilipopata fahamu, Elia alikuwa ameketi kando ya kitanda changu. "Ukiulizwa, sema alikuwa amelewa, akateleza. Ukisema vingine, wewe na kazi basi."

Nikaulizwa. Nikasema alikuwa amelewa.

Mwanangu, Matayo hakuwahi kuonja pombe. Alikuwa mwimbaji kanisani. Kwa neno langu, kwaya yake mwenyewe haikumwimbia kaburini, na mkewe, Mama Neema, akaitwa mjane wa mlevi miaka yote hii. Elia ana lake la kujibu. Lakini mdomo uliosema ulikuwa wangu, kwa hiyo naweka na jina langu: Stefano Mhawi.

Upendo aliuliza swali moja tu. "Mama Neema anajua?"

Kesho yake asubuhi nikaenda Chang'ombe, nyumbani kwa Mama Neema. Nilimkuta uani anapepeta mtama. Tukaamkiana, akanipa kigoda. Nikasema yote, naangalia chini. Ungo ukasimama.

"Shemeji," akasema, "kwamba hakulewa nilijua. Uji wa asubuhi ile nilimpikia mimi. Nilichokuwa sijui ni nani alisema. Na wewe umekula humu ndani kila Krismasi."

Hapo ndipo nilipokwisha. Nilitegemea matusi. Angenipiga ningeshukuru. Alirudia kupepeta, muda mrefu, nikadhani ndiyo amenifukuza. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Jumapili utasimama kanisani, uyaseme hivyo hivyo. Neema atakuwepo. Na jina la baba yake ulitaje kwa sauti."

Nilisimama. Nikayasema yote, na jina la Matayo nikalitaja kwa sauti. Baada ya ibada wanakwaya, wengi wao wala hawakumjua Matayo, walikwenda na Mama Neema na binti yake makaburini, wakamwimbia. Mimi nilibaki kwenye lango. Hakuna aliyeniita, na ni haki.

Sasa nisikilize, wewe unayekwenda kuanza kazi. Mahali usipoijua hewa yake, usiingie kwa kuwa mkubwa amesema. Mwenzako akianguka humo, usimfuate; ita watu, tafuta kamba. Na siku watakayokuja kukuomba neno dogo la uongo juu ya marehemu, likatae palepale, hata kama umelala hoi kitandani. Kazi nyingine utapata. Lile neno ukishalisema, utalibeba mpaka uote mvi, na mtoto wa mtu atalibeba pamoja nawe bila kujua nani alimtwika.

Mungu akutangulie kazini, mwanangu. Akupe ulimi usioogopa wakubwa, na kila jioni akurudishe kwa watu wako ukitembea kwa miguu yako mwenyewe.