Mafuta Yako Mkono wa Kulia

Watu wetu wanapenda mgonjwa alale. Hilo nililijua baba alipopigwa na kiharusi, na mpaka leo nikilikumbuka damu inanichemka. Mgonjwa akilala chali, shuka mpaka kifuani, akaitikia "alhamdulillahi" kwa sauti ya kukatika, wageni wanaridhika. Wanarudi makwao wakisema tumemwona, maskini. Akikaa kitako akacheka, wanatazamana. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Hapa mtaani kwetu Mabawa mgonjwa haulizwi chochote.

Baba alikuwa dereva wa malori ya machungwa, Muheza kwenda Dar, tangu mimi sijazaliwa. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia. Mguu ulirudi kidogo, akawa anauburuta mwenyewe mpaka uani. Mkono haukutaka. Vidole vilijikunja ndani ya kiganja, na mtaalamu wa mazoezi kule hospitali aliniambia waziwazi kwamba mkono huu usipofanyishwa kazi kila siku utakauka hivyo hivyo, na ukishakauka tusimtafute mchawi. Akatupatia kimpira cha kufinya. Baba alikifinya kidogo, halafu akakirusha uvunguni akasema yeye si mtoto.

Nilimbembeleza, nikamkasirikia, nikamwekea kile kimpira kwenye sinia la chakula. Wapi! Alikuwa anakula kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, huku anaona haya kwa ule mkono wa kushoto, na ule wa kulia ameuficha chini ya shuka.

Idd ikafika, kaka yangu akaja kutoka Dar na ugonjwa wake mwenyewe. Alikuwa amenunua kompyuta ya kuchezea gemu, ya kushika mkononi, mpya, haijatoka hata nailoni ya kiooni. Siku nzima hatukusikia jingine. Eti hii si simu, ni kompyuta kamili, ukiichomeka kwenye televisheni unafungua hata kazi za ofisini. Eti kioo chake kinaonekana hata juani. Eti ina vijiti viwili vya dole gumba visivyolegea, na vitufe vingine mgongoni, na kijifeni ndani cha kuipoza, na ukibonyeza kitufe cha juu inalala palepale ulipofika, ukiiamsha unaendelea kama hukuondoka. Nilikuwa nashona gauni la watu, nikamwambia kama inajua kukunja pindo ailete, kama haijui aniache.

Baba aliuliza swali moja tu kutoka kitandani. Aliuliza kama ndani yake mna malori.

Yalikuwemo. Kaka alimwekea gemu ya kuendesha malori ya mizigo huko Ulaya, akampakatisha ile mashine mapajani na kumwonyesha: breki kushoto, mafuta kulia. Mafuta yenyewe ni kitufe kirefu kilichokaa pembeni juu, unakifinya kwa kidole cha shahada. Na hakikuwa kitufe cha kuwasha na kuzima tu. Ukikigusa, lori linajikokota. Ukikifinya zaidi, linaongeza. Ukikifinya mpaka mwisho, linakwenda kweli, na mashine nzima inatetemeka mikononi kama usukani kwenye barabara mbovu. Baba alikitazama kile kidole chake kilichojikunja. Akakichukua kwa mkono wa kushoto, akakinyoosha, akakiweka juu ya kitufe.

Lori likasogea. Naapa sikumwona baba na uso ule tangu augue.

Kaka alirudi Dar mikono mitupu. Alipiga simu kila mara kuuliza habari za ile mashine, isikae juani, isilaliwe, chaji isiishe kabisa, na mimi nikimjibu kwamba baba naye hajambo, asante kwa kuuliza. Na kweli alikuwa hajambo. Alifika mahali akashika kikombe cha chai kwa mkono wa kulia, akakipeleka mdomoni, kikamwagika nusu, na hiyo nusu nyingine akainywa. Aligombana na madereva wa mle ndani siku nzima. Aliwaita wehu, akawauliza nani kawapa leseni, akalaani nchi ambayo watu wanapita upande usio wao. Nilikuwa nashona barazani namsikia, na nilikuwa na raha.

Ila wageni walikuwa wanakuja, na baba alikuwa anawaonea haya. Akisikia hodi anaizamisha mashine chini ya mto, anajilaza, anakuwa mgonjwa. Mimi hilo lilinikera tangu mwanzo, lakini nyumba ni yake.

Ndipo siku moja akaja shangazi kutoka Muheza na wanawake wawili na kapu la machungwa. Shangazi ni dada mkubwa wa baba, ndiye aliyemlea walipofiwa na mama yao. Kwetu shangazi ni baba wa kike, akisema limesemwa. Nilimpa shikamoo, akaitikia huku anapita, hata sindano sijaichomoa kwenye kitambaa yumo chumbani. Baba kwa haraka aliisukuma mashine chini ya mto bila kuilaza. Wakakaa, wakaanza pole. Chini ya mto kijifeni kikavuma, kisha zikaanza honi. Mwanamke mmoja akanyanyua miguu akauliza kama humu ndani mna nyuki.

Shangazi akainua mto. Yule mwanamke alipoona ni nini alicheka mpaka akajifunika mtandio, akasema ng'ombe hazeeki maini. Shangazi hakucheka.

"Watu wametoka Muheza kuja kumwona mgonjwa," alimwambia baba, "wanamkuta babu mzima anacheza gemu. Ukifa nayo mkononi, mdogo wangu, tutasema nini?"

Akaitia kwenye mkoba wake. Nilisema, kwa adabu zote nilizofundishwa, kwamba ile kwa baba ni dawa. Akaniambia dawa zinauzwa duka la dawa. Kisha akatoa tasbihi, akamwekea baba kwenye mkono wa kulia, na tasbihi ikateleza ikaanguka sakafuni. Akaiokota, akaibusu, akamwekea mkono wa kushoto. Sina ugomvi na tasbihi, baba anasali kuliko wengi wanaomsema. Nina ugomvi na kule kuiona imeanguka, kujua kwa nini imeanguka, na kuhamia mkono wa pili bila neno. Baba aligeukia ukutani.

Wiki zilizofuata walimpenda sana. Kila aliyekuja alisema sasa ametulia. Alikuwa ametulia kweli, hagombani na mtu, hasemi, mkono chini ya shuka. Nilipoukunjua kumwosha, vidole vilipinga. Kikombe kilirudi kuwa kazi yangu. Nilikasirika mpaka nikaharibu nguo ya mteja, nikakata shingo mahali pa mkono, ndipo nikafunga cherehani nikaenda Muheza.

Ile mashine niliikuta sebuleni kwa shangazi, kwenye kabati la vioo, katikati ya vikombe vya harusi yake, imetandikiwa kitambaa cha kufuma. Imekufa chaji. Ameifanya pambo! Nilimwambia nimekuja kuichukua, na vidole vya baba vimerudi kule kule. Shangazi akapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Yule nimemlea mimi," alisema. "Sikumlea aje achekwe na watu."

"Shangazi, akichekwa atakasirika. Akikasirika atafinya. Mmemnyamazisha, na mkono umenyamaza."

Sikungoja ruhusa, nilifungua kabati mwenyewe. Aliniambia tu niangalie vikombe vyake.

Baba alipoiona alijiinua bila kusaidiwa. Niliichomeka chaji, nikamwekea mito mgongoni. Lori lilikuwa pale gemu ilipolihifadhi mara ya mwisho, kando ya barabara, na tela lake. Akakinyoosha kile kidole, akakiweka juu ya kitufe. Kikajikunja. Akakinyoosha tena, kikajikunja tena. Nilishindwa kuangalia, nikatoka uani nikampigia kaka simu. Akaniambia hilo si tatizo hata kidogo, programu yake inakuruhusu kuhamisha kazi ya kitufe chochote, nenda kwenye mipangilio, toa mafuta kulia, yapeleke kwenye kitufe cha mgongoni kushoto. Nilihangaika nayo kidogo, ikakubali. Nikamrudishia baba nikiwa na furaha, nikamwambia afinye kushoto.

Akafinya. Lori likaondoka vizuri, likashika barabara. Aliendesha kidogo bila kumtukana mtu yeyote, kisha akawasha taa ya kuashiria, akaegesha.

"Mafuta umeyapeleka wapi?" aliuliza.

Nikamwonyesha. Nikamweleza kwamba kwa sasa, kwa kuwa ule mkono mwingine umechoka, tumeona mimi na kaka ni afadhali hivi.

Alinitazama kama ambavyo lazima alikuwa akiwatazama utingo wake wa lorini waliofunga turubai vibaya.

"Na wewe pia umeshauzika mkono huu," alisema. "Rudisha."

Nilirudisha. Akaweka kidole. Lori likanguruma palepale lilipo, likasogea chembe kuingia barabarani, likasimama. Nyuma yake magari ya Ulaya yakaanza kupiga honi. Baba akafungua mdomo akawatukana, tusi zito la madereva, la kwenye mizani ya malori na maegesho ya Segera, ambalo hakuwahi kulitamka ndani ya nyumba hii mama yetu akiwa hai. Nikakaa sakafuni karibu na kitanda chake, nikamwambia, "Watukane tena, baba."