Chumvi Bado

Mwaka ule mvua ilipotunyima, tukawa tunakula yanga, mahindi ya manjano ya msaada, nilianza kushuku kwamba ulimi wa mama umeharibika. Kila jioni isyo ikishaiva, ule mchanganyiko wetu wa mahindi na maharagwe, alijaza bakuli la bati, akalifunika kwa sahani na kunituma kwa jirani.

"Mwambie anionjee chumvi. Mimi siku hizi siisikii."

Nilishangaa. Mama ndiye aliyepikia harusi zote za kanisa letu pale Kalamba. Tena, nani huonja chumvi kwa bakuli zima?

Jirani huyo alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, na alikuwa akinyonyesha. Mume wake alikuwa kazini Mombasa, na yeye alimwambia kila mtu kwamba mume hawasahau. Ukweli ni kwamba alikuwa amewasahau kabisa. Sasa angepangaje foleni ya yanga kwa chifu, watu wote wakimtazama? Hayo niliyaelewa baadaye. Wakati ule niliona tu kwamba aliingia na bakuli ndani, akakawia, akalirudisha limeoshwa, na jibu lilikuwa lilelile:

"Ambia mama chumvi bado."

Siku moja udadisi ulinishinda. Nikafunua bakuli njiani, nikaonja. Chumvi ilikuwa sawa kabisa! Nilirudi mbio.

"Mwaitu," nikamwambia mama, "yule anadanganya!"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Siri ya mtungi aijuaye kata," akasema, "na wewe bado hujawa kata. Peleka."

Nilikuwa na swali jingine. Shuleni tuliimbishwa kwamba nchi yetu ni tajiri, ina chai, ina kahawa. Na kweli, tulipokwenda Sultan Hamud kumpokea baba, aliyekuwa kibarua kwenye kituo cha utafiti wa kilimo Kiboko, niliona malori yamejaa magunia ya mahindi yakipita bila hata kupunguza mwendo. Nikamuuliza baba yanakwenda wapi.

"Kwa wale wanaweza kununua," akasema.

Jibu hilo lilinikasirisha, na linanikasirisha hadi leo.

Halafu vibarua wakapunguzwa Kiboko, baba akiwa mmoja wao. Mama akaiweka kando sufuria kubwa, akaanza kupikia ile ndogo ya chai. Bakuli la jirani likawa kikombe. Siku ya kwanza ya kikombe, jirani alikitazama kwa muda, kisha akanirudishia bila kukifunua. Nyuma yake mtoto alikuwa akilia.

"Ambia mama chumvi imetosha. Asitume tena."

Mimi nilifurahi, kusema kweli. Hatimaye chumvi imetosha! Lakini mama aliposikia, aliacha mwiko ndani ya sufuria.

"Na mtoto?"

"Analia, lakini sauti haitoki vizuri."

Mama alishika sufuria kwa leso, ikiwa bado moto, akatoka nayo. Sisi watoto tukafuata chakula chetu.

"Dada," akamwambia jirani mlangoni, "juzi chumvi ilikuwa bado. Leo imetosha aje, na mvua haijanyesha? Hata wewe ulimi wako umeharibika. Leo tutaonja sisi wote."

"Hiyo ni ya watoto wako."

"Na huyo umebeba ni wa nani?"

Jirani akatupisha mlangoni. Tuliketi chini, tukaizunguka ile sufuria ndogo. Mama akampa kijiko cha kwanza. Alitafuna polepole, mtoto akiwa kifuani, machozi yakimtiririka bila kuyapangusa.

"Ni kweli, dada," akasema mwishowe. "Chumvi bado."

Mama akamsogezea sufuria. Zamu yangu ilipofika nilionja kwa makini, kama hakimu. Siku hiyo jirani alikuwa amesema kweli tupu: kwetu chumvi ilikuwa imekwisha.