Kome nilizompa Mama Feza

Leo nimeshukuriwa kwa kosa langu.

Mama Feza, aliyekuwa jirani yangu kule Walikale, alikuja hapa Mweso kunipa pole ya ugonjwa. Akawaambia wajukuu wangu: "Miaka ya sitini, huyu Papa alikuwa anatuachia kome zake zote za mtoni. Yeye hakukula hata moja. Njo roho nzuri hiyo."

Wajukuu wakapiga makofi.

Haukuwa wema. Nilifanya kazi katika maabara ya mgodi wa bati, na maji machafu ya mgodi yaliingia mto ule. Kome huchuja maji, na metali nzito hubaki katika nyama yao. Tulizipima, tukakuta madini ya risasi kupita kiasi. Mkubwa wetu alisema tunyamaze. Nikanyamaza.

(Msiniandikie kwamba nilikuwa kijana. Vipimo nilijua kuvisoma.)

Kwetu chakula cha jirani hakirudishwi wala hakitupwi. Kila sahani ya kome niliyoletewa na majirani wengine niliipitisha kwake.

Leo nimemwambia. Sikutaka kuzikwa na sifa ile.

Akauliza: "Hata wakati wa mimba yangu ya kwanza, ile iliyotoka?"

"Hata wakati ule, Mama."

Maharage aliyoniletea akayafunga tena, akaondoka nayo.