Hermani wa Kamera na Dume Langu Jeusi

Mtu akikuambia Hermani ndiye wa kwanza kuchekesha watu hapa Basotu, mlete kwangu. Nyumba yangu ni ile ya mlango wa bluu, njia ya kwenda ziwani. Nitampa chai, halafu nitamweleza polepole: kuchekesha nilianza mimi, Akonaay. Hermani yeye alianza kupiga picha.

Lakini watoto wa Katesh mpaka Babati bado wanaangalia kanda zake, kwa hiyo lazima mtu asimulie maisha yake, na anayemjua kuliko wote ni mimi. Hata mke wake hamjui hivyo. Mke wake nitamfikia, ngoja.

Tulizaliwa Mbulu mwaka mmoja, mimi nikamtangulia wiki tatu. Mpaka leo namwambia anisalimie shikamoo. Anacheka tu. Baba zetu waliteremka pamoja kuja kuendesha trekta kwenye mashamba ya ngano ya serikali, tukakulia kwenye kota, ukuta wetu na wao mmoja. Baba yangu akikohoa, mama yake Hermani anasema pole.

Shuleni Hermani alikuwa wa kwanza, wa pili, hapo hapo. Mimi niliacha darasa la tano kwa hiari yangu, na mwalimu alikubali haraka sana. Yeye akaenda sekondari, akarudi akapewa kazi stoo ya vipuri. Mimi nilikuwa karakana, napaka grisi kombaini, zile mashine za kuvuna ngano. Niulize nani alijulikana zaidi. Wakati wa mavuno, kantini nzima ilikuwa inangoja niingie. Nikiingia tu, watu wanaanza kushika mbavu.

Kamera aliipata mwaka themanini na tisa. Kulikuwa na fundi mmoja mzungu wa kombaini, muda wake umeisha anarudi kwao. Hermani alikuwa anamsaidia kila siku kuandika majina ya vipuri kwa Kiswahili. Mimi nilimfundisha matusi kumi na mawili ya Kiiraqw, safi kabisa, anayatamka kama mtu wa Mbulu. Siku ya kuondoka, Hermani akapewa kamera ya video. Mimi nikapewa kofia.

Sasa sikiliza sinema yake ya kwanza ilivyokuwa. Kijana wa miaka kumi na sita anampenda msichana wa kwaya. Hana mafuta ya nywele. Anachota grisi ya kombaini, anapaka kichwa kizima, kinang'aa. Anapita shambani siku ya mavuno, makapi ya ngano yanamganda. Anaingia kanisani kichwa kama kiota. Padri anasahau alikuwa anasoma wapi.

Yule ni mimi! Ni kichwa changu, bwana! Na yule msichana wa kwaya alikuwa Zita, na nilikaa siku nne najiosha kwa mafuta ya taa.

Sinema ikaonyeshwa Jumapili baada ya misa, kwenye bwalo la kantini, televisheni na deki ya kanda juu ya meza, jenereta inanguruma nje. Watu walicheka mpaka mama mmoja akatolewa nje apumue. Mwishoni Hermani alikuwa amepiga picha ubao wa shule, majina yameandikwa kwa chaki. Nilisogea mpaka pua ikagusa kioo. Mwigizaji: Marko. Huyo Marko alikuwa mwanafunzi wa darasa la saba, anaongea kama anaomba ruhusa. Msimuliaji: Hermani. Akonaay hayupo. Hata chini kabisa kwenye kona hayupo.

Nilimfuata stoo kesho yake.

"Kwa nini Marko? Hadithi si yangu?"

"Ni yako," akasema, anahesabu mikanda ya feni.

"Sasa kwa nini nisiigize mwenyewe?"

"Wewe unacheka kabla ya kuchekesha. Nilikujaribu. Mara sita. Kila nikiwasha kamera unaanza kucheka peke yako."

"Ndiyo uzuri wangu huo!"

"Ndiyo uzuri wako kantini. Kwenye kanda unaonekana mgonjwa."

Mgonjwa. Mimi. Nikatoka pale. Kuanzia siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu: jina langu kwenye ule ubao wa chaki. Na kama si langu, basi na la kwake lifutike.

Watu walimpenda kila siku zaidi. Vijana wa Gendabi walitembea asubuhi nzima kuja kuomba waigize. Akipita, watoto wanamwita "Hermani wa Kamera." Mimi nikipita wananiita "Grisi." Halafu Zita akaolewa naye. Ndiyo, Zita huyo huyo. Kwenye harusi nilipiga vigelegele kuliko wanawake, ili mtu asione.

Sinema ya pili alitaka kijana ajifanye msichana ili aingie kwenye sherehe ya wasichana ambayo baba mkali anailinda mlangoni. Akaniambia, "Akonaay, nitafutie gauni. Kubwa, la mama yeyote."

Gauni nilikuwa nalo. Dada yangu alikuwa na magauni matatu. Lakini nikaenda Gendabi, kwa rafiki yangu wa Kibarbaig, wale wafugaji, nikakuta mama yake hayupo, na sketi yake ya ngozi imetundikwa ndani. Zile sketi zenye vipande virefu, anazopewa mwanamke akiolewa. Nikaikunja nikaiweka kwenye gunia.

Nisidanganye, nilijua. Mtu aliyekua akishinda Gendabi na Wabarbaig anajua ile sketi haichezewi. Mwanaume haigusi, sembuse kuivaa na kukata viuno. Ukimdharau mwanamke mmoja, wanawake wote wanakaa kikao, na wanaume hawana sauti pale. Hermani alishinda na vitabu, halafu stoo, hakujua. Nikampa.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Vazi. Itachekesha kuliko gauni."

"Mwenyewe amekubali?"

"Amekubali," nikasema, naangalia kombaini.

Marko akaivaa. Ilichekesha, siwezi kukataa. Bwalo likatetemeka. Lakini nyuma kulikuwa na wasichana wawili wa Kibarbaig walioleta maziwa kantini, nikawaona wanashikana mikono, wanatoka bila kuchukua vibuyu vyao.

Siku ya tatu wanawake wakaja. Walikuwa kama sitini, na fimbo zao, wakakaa kwenye uwanja wa mpira mchana mweupe, kimya. Sisi wanaume tukajibana ukutani karakana. Hata meneja alifunga dirisha. Aliyewaongoza ni mama mmoja mrefu anaitwa Mama Gidamis, na ile sketi ilikuwa ya mdogo wake, mama wa rafiki yangu.

Jua likiwa kichwani wakamtuma mzee mmoja atuletee neno lao. Kile kipande cha kanda kifutwe. Na mwenye kosa alete dume jeusi lisilo na doa. Asipoleta, hakuna mwanamke wala msichana atakayesimama tena mbele ya ile kamera, na hakuna nyumba itakayomkaribisha.

Hermani alikifuta kile kipande saa ile ile. Dume hakuwa nalo. Ng'ombe wa kota ni nini? Ni kuku tu. Kesho yake akatokea Nikolausi, mwenye duka Haydom, na pikipiki yake.

"Nipe kamera, nikupe dume jeusi," akasema. "Nitapiga picha harusi, na watu wanaotoka hospitali wamepona."

Hermani akasema ampe siku mbili. Nikamfuata nyumbani kwake. Alikuwa anaipangusa ile kamera kwa kanga ya Zita, lenzi, kamba, kila kona, kama anaosha mtoto wa kupeleka kliniki.

"Sema ni mimi niliyeleta sketi," nikamwambia. Nilisema kwa sauti ndogo, nikitumaini hatasikia.

"Kuileta ulileta wewe. Kuiweka kwenye picha niliweka mimi. Ni kosa langu, nyamaza."

Haya. Mtu mwingine hapo angefurahi. Nimeshinda, si ndiyo? Kamera inaondoka, ubao wa chaki unafutika. Lakini ngoja uone watu walivyofanya! Wanamletea uji. Wanamshika bega: pole Hermani, wewe ni muungwana. Zita analia, na alivyolia hajawahi kulia kwa ajili ya mtu yeyote, najua kwa sababu wakati wa grisi alinicheka. Hata katekista alimtaja kwenye sala. Kosa nililifanya mimi, kwa akili yangu, kwa miguu yangu mpaka Gendabi na kurudi, na sifa anapata yeye! Usiku sikulala kwa wivu. Nikasema hapana. Hili hachukui. Hili ni langu.

Mimi nilikuwa na dume. Anaitwa Trela, kwa sababu ya upana wa nyuma. Mweusi kama sufuria, mrefu, niliachiwa na baba. Tatizo ni moja: tumboni ana doa jeupe, ukubwa wa kiganja. Basi nikaenda karakana nikachota oili chafu ya kombaini, nikampaka pale tumboni mara tatu. Nikarudi nyuma nikamwangalia. Mweusi kote! Nikajisifu.

Nikaanza kumswaga asubuhi kwenda uwanjani, wanawake wamerudi kusikiliza jibu. Njia fupi inapita katikati ya ngano, na kombaini mbili zilikuwa zinavuna. Hermani alikuwa nyuma yangu anakimbia, "Akonaay, unaenda wapi na Trela?" Sikumjibu. Nilikuwa nimenyanyua kidevu.

Nikasimama mbele ya Mama Gidamis.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Akonaay. Sketi niliichukua mimi. Hermani hakujua. Nilimwambia mwenyewe amekubali, nilidanganya. Dume ndilo hili."

Mama Gidamis hakuniangalia mimi. Aliinama akaangalia tumbo la Trela. Nami nikainama. Makapi, bwana. Makapi ya ngano yameganda pale kwenye oili, duara kamili, la njano, linang'aa kwenye jua. Doa lilikuwa kiganja, sasa lilikuwa sinia.

Akapitisha kidole, akanusa.

"Dume lako linatoka jasho la trekta," akasema.

"Huku Basotu ng'ombe wanafanya kazi sana, mama."

Halafu mama mmoja nyuma akaachia kicheko, na wa pili, na wote sitini. Wanagonga fimbo chini, wanafutana machozi. Nakuapia, miaka yangu yote ya kantini sijawahi kupata kicheko kama kile. Na mara hii mimi sikucheka.

Walipotulia, Mama Gidamis akakaza uso.

"Ulitudharau kwa sketi, ukarudi kutudharau kwa dume. Kwa nini?"

"Wivu, mama. Yeye ana kamera."

Akaniangalia muda mrefu, kama mtu anayeangalia ndama kilema. "Lete jeusi kweli. Kesho. Kosa la rafiki yako limekwisha."

Nikampeleka Trela Gendabi, nikabadilisha na dume jeusi kabisa, nikaongeza mtamba juu. Wanawake wakalipokea, likachinjwa, wakala wenyewe, wakabariki. Nikolausi akarudi Haydom mikono mitupu.

Baada ya pale ndipo Hermani akawa Hermani. Alitengeneza sinema saba za vijana, na wanawake wa Kibarbaig wenyewe walileta binti zao waigize, lakini kwanza alikuwa anaenda kwa Mama Gidamis kumweleza hadithi nzima. Mashamba ya serikali yalipokufa, watu wa kota wakatawanyika, yeye akaendelea kuzungusha kanda kwenye vibanda vya video vya Katesh.

Ile iliyompa jina kuliko zote inahusu kijana anayetafuta dume jeusi ili amwokoe rafiki yake, anampaka ng'ombe oili chafu, anapita kwenye makapi. Ndiyo. Alimwazima Trela kwa mwenyewe mpya. Na kijana aliigiza nani? Marko! Mtu mzima na ndevu zake, wamemnyoa.

Siku ya kuionyesha nilikaa mbele kabisa. Ubao wa chaki ukatokea. Mwigizaji: Marko. Nikangoja. Dume: Trela. Nikangoja. Chini yake, herufi ndogo lakini zinasomeka: Oili na makapi: Akonaay.

Nilisimama watu wote wakaona. Halafu nikamgeukia Hermani.

"Kwa nini ng'ombe amenitangulia?"

"Trela hakucheka hata mara moja," akasema.

Kanda hiyo ninayo mpaka leo, juu ya kabati. Deki sina. Ukija kunywa chai nitakuonyesha boksi lake.