Kamera Mpya Imenianika Makutano

Leo nimemdanganya mke wangu huku namtazama usoni.

Ngojeni nieleze.

Napiga picha za harusi tangu miaka ya tisini, enzi za filamu. Siku hizi kamera yangu ya kidijitali imechoka, picha za kanisani zinatoka giza tupu. Lakini mke wangu, Mama Mwenda, alisema tununue tangi la maji kwanza, kamera baadaye. Kwa hivyo asubuhi nikamwambia naenda Ruiri kupiga picha za ubatizo.

Nikaenda duka la kamera, Makutano.

Muuzaji akaniwekea mbili: toleo la zamani kidogo na toleo jipya. Nikashika mpya, nikasimama mlangoni, nikavuta lenzi mpaka ng'ambo ya barabara. Kuna mama alikuwa anachagua ndizi. Picha safi ajabu! Hata hereni naziona.

Hereni nilizonunua mimi.

Simu ikalia. Kwenye lenzi, yule mama ameweka simu sikioni.

"Baba Mwenda, uko wapi?"

"Niko Ruiri. Ubatizo ndio umeanza."

"Sawa. Basi shusha hiyo kamera, unanipiga picha sijachana nywele."

Jamani, nikaishusha.

Akavuka, akaingia, akamsalimia muuzaji kwa heshima zote. Akanipiga picha kwa kamera ya zamani. Akanipiga kwa mpya. Akalinganisha bila haraka.

"Tangi litangoja. Tuchukue hii mpya," akasema. "Inaonyesha vizuri jasho la mtu mwongo."

Picha ndiyo hiyo hapo chini. Ameniamuru niiweke.

Chekeni tu, lakini niambieni ukweli: ungekuwa wewe, ungejibu nini kwa ile simu?