Dakika ya Fundi Simu

Fundi simu wetu hapa Nyangoto ni Msukuma mwenye kidole gumba kilichoungua kwa lehemu, na ndicho anachobonyezea tukituma ujumbe wa sauti kwa ndugu zetu Kenya. Zamani tuliongea bure mpaka tuchoke. Siku hizi mtandao unampa kila mtu dakika moja ya bure kwa siku, basi anatuhimiza: “Mama, anza na shida.”

Mimi sianzi na shida. Dada yangu Agatha, aliyeko Kenya, ilibidi ajue harusi ya mjukuu ni Jumamosi, lakini dakika iliisha bado naulizia ng'ombe. Fundi akacheka, akatoa simu yake, yenye dakika aliyomwekea mama yake Geita.

“Kwa Agatha nitasema mimi.” Akavua kofia. “Shikamoo mama. Watoto hawajambo? Ng'ombe je? Na mvua?”

Nikamfinya.

“Harusi Jumamosi!” akapiga kelele, dakika ikakatika.