Namba ya Baba Nzuki

Watu wa Kanyangi husema mume wangu alirogwa. Hakurogwa. Ndululu alikuwa na namba, basi, na mimi nilikuwa mke mwenza wa hiyo namba.

Aliipata shuleni kabla karo haijamshinda baba yake. Unaanza na punje moja, unazidisha kwa mbili, tena na tena, mara thelathini na moja, halafu unatoa punje moja. Inatoka zaidi ya bilioni mbili. Mwalimu wao alisema pengine haigawanyiki kwa chochote ila moja na yenyewe, lakini hakuwa na uhakika. Ndululu akaamua ataipima yeye. Akimaliza, chuo kikuu kitasikia, kitamwita Nairobi akafundishe, na hatashika jembe tena. Aliniambia hayo tukichumbiana, na mimi mjinga nikafurahi.

Kazi yake shambani ilikuwa kufukuza ndege mtama ukianza kukomaa. Anapanda dungu la miti na kombeo lake, baada ya muda kidogo ameshuka, anagawanya mchangani kwa kijiti. Likibaki salio, anafuta kwa mguu, anachukua kigawanyo kingine. Saba, kumi na moja, kumi na tatu, mpaka maelfu. Alisema akivuka elfu arobaini na sita amemaliza, maana kigawanyo kikubwa lazima kiwe na mwenzake mdogo, na wadogo wote atakuwa ameshawajaribu. Mimi nilisikia kwelea tu, ndege wale, wakila mtama wetu. Kila msimu tulivuna mabua.

"Baba Nzuki, watoto watakula salio?"

"Vumilia, Mama Nzuki. Nimekaribia."

Nilivumilia tangu Nzuki akiwa mgongoni mpaka akaota ndevu.

Mwaka wa themanini na tano akamaliza. Haikugawanyika. Alioga, akavaa koti la kanisani, tukaenda kwa Mwalimu Mutunga, kijana aliyekuja sekondari yetu kutoka chuo kikuu. Nilitaka nimwone mume wangu akipongezwa, hata mara moja.

Mwalimu alimsikiliza vizuri, simlaumu. Kisha akasema polepole, "Mzee, hii ilijulikana zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Kuna Mzungu aliimaliza, na macho yake yalikuwa karibu kufa."

"Alizijaribu zote?" Ndululu akauliza.

"Hapana. Kigawanyo chochote cha namba hii, ukikigawa kwa sitini na mbili, lazima ibaki moja. Zingine zote hazikuhitajika. Zilizobaki ni chache tu."

Tukarudi nyumbani. Nilikuwa nimeweka matusi ya miaka yote ile, nikayatafuta, nikayakosa. Nilimhurumia tu.

Msimu uliofuata alikaa juu ya dungu kutwa, kombeo mkononi, hakushuka. Hakuna ndege aliyetua. Ghala lilijaa mpaka tukaazima magunia, na majirani wakanipongeza ati mzee amepona.

Nilipura mtama huo nikilia.